Banda la Gari la Masanja na Mguu wa Baba Yake

Vijana mafundi wa Bariadi, mmenisumbua vya kutosha. Tangu niliposema kwamba mwiko wangu nimeutundika, hapiti mmoja wenu mbele ya nyumba yangu bila kusimama na kuniuliza namna ya kugeuza banda la gari kuwa chumba cha kulala. Na akishajibiwa, huenda kufanya vingine. Kwa hiyo nimemketisha hapa mjukuu wangu Kabula na kalamu yake, nami nitasema mara moja tu. Mimi sikwenda shule. Anayeandika ni yeye na anayesema ni mimi, na neno lolote mtakaloliona limekaa kishule mno, mjue amelitia bila ruhusa yangu. Habari za malipo sitazigusa. Nitasema ya kazi na ya aliyenifundisha, kisha nitafika kwenye banda la Masanja, ambako kwa sababu ya mlango mmoja uliowekwa upande usiofaa mzee wa watu alikaribia kupoteza mguu.

Kazi niliianza kwa kiganja. Nilizaliwa upande wa Binza, kule Maswa, wakati nyumba za pale zilikuwa za udongo, na kuzikandika ilikuwa kazi ya wanawake. Mama yangu alichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaupaka ukutani kwa mkono mtupu, kisha akapitisha kiganja juu yake akiwa amefumba macho. Nilipomuuliza kwa nini anafumba, alinijibu kwamba macho humwonea haya mwenye nyumba, kiganja hakimwonei. Hayo ndiyo masomo yangu, na sikupata mengine hadi nilipoolewa huku Bariadi.

Siku yangu ya kwanza kwenye saruji nilikuwa nimekwenda kubeba maji. Palikuwa pakijengwa nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, na msimamizi wa kazi alikuwa Fundi Maduhu, mtu mrefu, mkavu wa maneno, asiyesalimia mtu kabla hajauzunguka ukuta wake na kuukagua. Asubuhi hiyo fundi wake wa lipu hakutokea, kwa sababu ambazo kila mtu alizijua, hata kwa harufu ya pombe. Mchanganyiko ulikuwa tayari umekorogwa. Nikaweka ndoo chini nikasema kwamba ninaweza kuupaka.

"Mayu," akaniambia, kwa maana ndivyo tunavyomwita mama wa watu, "umeona wapi mwanamke akipiga lipu?"

"Nyumba uliyozaliwa ilikandikwa na nani?"

Akasogea pembeni. Nami nikaingiza mkono kwenye saruji kama nilivyozoea kuuingiza kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikapaka ukuta kwa kiganja mpaka jua likawa utosini. Ukuta ulitoka vizuri. Mkono ulitoka bila ngozi. Maduhu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa mafuta ya kupaka na mwiko wake wa zamani. "Huyu si ng'ombe, mayu," akasema. "Huyu anauma." Mwiko huo ndio niliotundika juzi, bapa lake limelika hadi limebaki kama ulimi wa ndama. Ninyi mnanunua mwiko mpya kila msimu na mnauacha mvuani.

Maduhu hakuwahi kunisifu. Lipu ikishakauka aliokota jiwe dogo akawa anagonga ukuta, hatua kwa hatua, sikio karibu. Mahali palipolia kama ngoma alipabomoa, kwa kuwa panapolia hivyo lipu haijashika, imejishikiza tu. Wengine walilia machozi. Mimi nilikasirika nikarudia. Baadaye nilikuwa nikigonga mwenyewe kabla hajafika, na mpaka leo siwezi kuketi katika nyumba ya mtu bila vidole vyangu kuanza kugonga. Kabula anasema hiyo ni tabia mbaya kwa mgeni. Tabia mbaya ni ukuta ulio mtupu ndani.

Sasa niseme ya mabanda. Mji wetu ulipofanywa makao makuu ya mkoa, watumishi waliteremka hapa kutoka Kilimanjaro, Tanga, Mbeya na kwingine, na masanduku yao mikononi, wakakuta nyumba za kupanga hakuna. Lakini mabanda ya magari yalikuwepo. Wenyeji wengi walikuwa wamejenga banda la gari kabla ya kuwa na gari, na ndani yake walikaa mbuzi pamoja na magunia ya pamba. Mbuzi wakatolewa, nikaitwa mimi. Nimegeuza mabanda mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mwenye nyumba alianza kwa maneno yale yale: "Bibi, kazi ni ndogo, kuta zipo, paa lipo, ni kuziba geti tu."

Sikilizeni basi. Sakafu ya banda la gari imelazwa kwa mteremko kuelekea getini, ili gari likioshwa maji yatoke. Ukilaza juu yake nili, ile saruji laini ya kumalizia, bila kuisawazisha, umempa mtu chumba kinachotaka kumtoa nje. Mwalimu mmoja mpangaji, ambaye chumba chake kilitengenezwa na fundi nisiyemtaja kwa sababu bado namhurumia mama yake, alinifuata sokoni akaniambia, "Bibi, kitunguu changu kikianguka mezani, nakikuta mlangoni." Nilikwenda nikakuta kitanda kimetegemezwa kwa vipande vya tofali upande mmoja, na mwenyewe amezoea.

La pili ni oili. Pale gari liliposimama miaka, oili imezama ndani ya zege, na saruji mpya haiishiki oili. Inakaa siku chache ikikudanganya, kisha inabanduka vipande vipande kama ganda la maandazi. Msinimwagie habari za sabuni. Vunjeni, toeni, lazeni upya. La tatu ni ule ukuta wa kuziba geti. Ardhi yetu hapa ni udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka mpaka mguu wa mbuzi ukaingia, na masika huvimba na kuinua chochote kilichokaa juu yake. Ninyi mnapanga tofali moja kwa moja juu ya ukingo wa sakafu, mnapiga lipu, mnapiga picha. Mvua ya kwanza ikishuka, ukuta unaachana na nyumba. Chimbeni msingi wake wenyewe, mshuke hadi chini ya ule mweusi. Kama mgongo unauma, tafuteni kazi ya kuketi.

Hayo yote nilikuwa nimeyajua siku Masanja aliponiita. Masanja ana duka la mbegu na dawa za pamba, ana nyumba nzuri yenye banda la gari upande wa kulia, na mkewe ni Rehema, muuguzi wa hospitalini aliyeletwa kikazi kutoka Tanga na kuolewa hapa hapa. Alinionyesha picha kwenye simu: chumba cheupe, dirisha pana la vioo mahali palipokuwa geti, na mlango wa kuingilia kutoka ndani ya nyumba, mwishoni mwa korido.

"Nataka kama hivi, bibi. Chumba cha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni ni mgeni. Wewe jenga."

Nikajenga. Gari lilisukumwa nje likafunikwa turubai kando ya uzio. Sakafu tuliivunja yote, msingi wa ukuta wa getini tuliuchimba mpaka wachimbaji wakaanza kunisema kwa Kisukuma wakidhani sisikii, dirisha likawekewa linta, ule mkanda wa zege unaobeba ukuta wa juu, mlango wa korido ukatobolewa. Mwishoni niligonga kuta zote nne, na hakuna palipolia. Nilikuwa nakwangua saruji kwenye ndoo zangu, nikijiambia kwamba baada ya hii nitapumzika, ndipo mgeni akafika.

Mgeni alikuwa baba yake mzazi, Mzee Nkwabi, kutoka Bukundi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kisigino cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Hospitalini walikuwa wamesema wazi: kidonda kioshwe na kufungwa asubuhi na jioni, bila kukosa, ama mguu ukatwe. Kule Bukundi hapakuwa na wa kuuosha. Rehema ndiye aliyemsumbua mumewe miezi yote ili mzee aletwe mjini, auguzwe nyumbani. Yote hayo niliyasikia siku hiyo, ndoo zikiwa zimekwisha kuoshwa.

Mzee aliingia sebuleni akiegemea fimbo, akasimama mwanzo wa korido. Hakuendelea.

"Masanja, chumba changu ni kipi?"

"Kile pale mwisho, baba."

"Na mlango huu wa kushoto?"

"Chumba cha kulala, baba. Chetu."

"Na huu?"

"Bafu."

"La nani?"

"La wote, baba."

"Wote akina nani?"

Mzee akageuka, fimbo mbele, akatoka.

Kwa wale kati yenu waliotoka mikoa mingine nitaeleza, na kwa wale wa hapa mnaojifanya mmesahau nitawakumbusha. Kwetu baba mkwe na mkamwana hustahiana. Hapiti mlango wa chumba anacholala mke wa mwanawe, haogi mahali anapooga yeye, wala hawaketi meza moja. Mjini mmelegeza, sikatai. Mzee Nkwabi hakuwa amelegeza. Masanja alilelewa katika desturi hiyo, ameila na kuinywa, kisha akamjengea baba yake chumba ambacho njia yake inapita mlangoni mwa mkewe, kwa sababu kwenye simu kilikuwa cheupe.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuchukua ndoo, nikakuta turubai limefunuliwa. Mzee alikuwa ndani ya gari. Amelala humo, kiti cha mbele kimelazwa nyuma, mguu mbovu umepandishwa juu ya dashibodi, milango wazi, na majirani wamepanga mstari kumwamkia kama vile ndiyo nyumba yake.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu.

"Mwangaluka, mayu. Ndiye wewe uliyejenga?"

"Ndiye."

"Umejenga vizuri," akasema. "Kwa ajili ya mtu mwingine."

"Na humu utakaa mpaka lini?"

"Mpaka basi la Bukundi lipite. Gari halina mkamwana, limenitosha."

Masanja alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Nilimwendea. "Nilikuuliza mgeni gani."

"Bibi, kwa zama hizi kweli..."

"Zama hizi zimelala kwenye kiti cha mbele cha gari lako. Nenda ukaziulize."

Rehema alitoka akiwa amekwisha kuvaa sare ya kazini, macho mekundu. Alizungumza nami kwa sauti ya chini ili mkwewe asimsikie. "Bibi, nimeosha vidonda vya wanaume wa mkoa huu mzima. Wa nyumbani kwangu hanipi mguu. Akipanda basi hilo, mguu ndio umekwenda."

Nitawaambia ukweli kwamba nilikuwa na hasira hata nikatamani kumwacha kila mtu na ujinga wake. Ukuta ulikuwa mbichi, mzuri, haulii popote. Lakini nilimtuma Masanja akalete nyundo, na mzee nikamwambia kwamba basi litapita na kesho pia, asiharakishe. Dirisha lilikuwa na linta juu yake, kwa hiyo tulivunja ukuta wa chini yake tu, tukalifanya mlango unaofunguka uani. Choo cha nje kilichokuwa kimeachwa nyuma ya nyumba kikafagiliwa na kuwekewa mlango. Kisha nikaingia koridoni kuuziba ule mlango wa ndani niliokuwa nimeutoboa kwa mikono hii hii. Mzee aliyaangalia yote kutoka garini kama mkaguzi. Kila baada ya muda aliuliza, "Mayu, basi bado?" na majirani wakacheka.

Tofali zilikuwa zimefika chini kidogo ya goti Rehema alipochuchumaa kando yangu.

"Bibi, hapa niachie."

"Pa nini?"

"Pa mguu."

Nikadhani kukesha kumemchanganya. Akanieleza. Mzee atakaa chumbani kwake juu ya kiti, atapitisha mguu kwenye tundu, na yeye atakaa koridoni na beseni lake. Pazia huku, pazia kule. Hatamwona mkwewe, na mkwewe hatamwona.

"Huyo ni baba mkwe wako," nikamwambia.

"Yeye ni baba mkwe, bibi. Mguu ni mgonjwa wangu."

Tangu Maduhu aliponipa mwiko sikuwahi kuacha tundu ukutani kwa kusudi. Nimewafukuza watu kazini kwa matundu. Nilitoka hadi garini nikamweleza mzee, nikitaraji anitukane na mimi nipate nafasi ya kuziba. Alifikiri akitazama kidole chake gumba cha mguu.

"Pazia litakuwa upande gani?"

"Pande zote mbili."

"Na asizungumze nami."

Rehema alikuwa nyuma ya mlango, akasikia. Akasema kwa sauti, akinielekea mimi, "Bibi, mwambie kidonda kikiuma agonge ukuta."

Nikaketi mwenyewe juu ya kigoda, nikanyoosha mguu wangu ukutani kutafuta kimo. Masanja alitaka kucheka, nikamtazama, akakumbuka kazi nyingine. Kingo za tundu nilizivisha nili, nikazizungusha kwa chupa mpaka zikawa laini kama mdomo wa mtungi, ili zisimkwaruze. Lile ndilo pambo pekee nililowahi kulifanya bila kuambiwa. Sakafu na kuta zilipokauka, mzee alitoka garini, akaingia kwa mlango wake wa uani, akafunga. Sisi tuliokuwa koridoni tukasubiri. Pazia likatikisika, mguu ukatokea, umevimba, unanuka. Rehema aliuchukua kwa mikono miwili akauweka kwenye beseni. Ukutani pakagongwa, kidogo, mara moja, na ukuta haukulia kama ngoma.

Basi la Bukundi lilipita bila yeye.

Nilipumzika kama nilivyojiahidi. Pamba ikavunwa, ikauzwa, ndipo Masanja akapiga simu. Alisema baba yake amepona, kisigino kimefunga, hospitalini wamefurahi. Sasa naombwa nikalizibe tundu, kwa maana wageni wanaotoka Mwanza hulicheka na panya wameanza kulifikiria. Hilo niliona ni jambo la akili. Tundu katika ukuta wangu lilikuwa limenikosesha raha muda wote huo. Nikabeba mwiko, nikachagua tofali nzuri, nikafika asubuhi, nikakoroga mchanganyiko uani.

Nilipoingia koridoni nilimkuta Rehema ameketi juu ya kigoda, beseni mbele yake. Mguu ulikuwa umetokea kwenye pazia. Ulikuwa mkavu, mwembamba, na kisigino chake kina kovu tu. Alikuwa akiuosha taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaufuta na kuupaka mafuta.

"Kidonda kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kimepona zamani, bibi."

"Sasa unaosha nini?"

"Mguu wa mgonjwa wa sukari hauachwi bila kuangaliwa," akanijibu kwa ile sauti ya hospitali. Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Kilipofunga nilimtumia ujumbe kwa mume wangu kwamba si lazima tena. Asubuhi yake akautoa mguu. Ya pili akautoa. Nikaacha kutuma ujumbe."

Upande wa pili pakagongwa.

"Anashukuru?" nikauliza.

"Anashukuru wapi! Anasema maji ya leo ni ya baridi." Akainuka kwenda kuongeza ya moto, na mguu ukabaki pale ukimsubiri, umetulia juu ya kingo zangu za nili.

Nilisimama na tofali mkononi kama mtu aliyepotea njia ndani ya kazi yake mwenyewe. Halafu nikatoka. Saruji iliyokwisha kukorogwa haisubiri mtu, kwa hiyo nikaitumia kuziba ufa kwenye ngazi ya mlango wa mzee, nikaosha mwiko, nikamwambia Masanja kwamba nimestaafu. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu sasa hivi.

Nasikia bado anatafuta fundi wa kuliziba. Yachukueni haya kama agizo langu la mwisho, kwa kuwa mengine hamkuyafuata: yeyote kati yenu atakayekubali kazi hiyo, asipite tena mbele ya nyumba yangu kuniuliza kitu.